Gogo

Saa kumi na mbili kasoro, Januari.
Umande umeganda kwenye kioo cha gari la Thuy
na mikono yangu imekataa kutoka mifukoni.
Baridi hii ndiyo tarishi wetu:
ikishuka kutoka kaskazini usiku mmoja tu,
ghuba inapoa, na nguva
wanaupanda mto mmoja mmoja
kama watu waliosikia kuna nyumba yenye moto.

Mji wetu hauna la kujivunia zaidi ya maji.
Taa nne za kuongozea magari, duka la chambo,
kanisa la Wabaptisti lenye paa la bati,
tumbusi waliojipanga juu ya tangi la manispaa.
Lakini chini, mwamba wa chokaa umetoboka
kama mkate ulioumuka vizuri,
na kila tobo ni jicho, na kila jicho
linabubujika nyuzi ishirini na mbili.
Kiangazi, kipupwe, mtu akizaliwa, mtu akizikwa,
nyuzi ishirini na mbili.

"Mia na nne," anasema Thuy. "Mia na tano, na ndama."
Yeye ni wa chuo, babake huvua kamba kule Mississippi.
Anahesabu kwa kidude kinacholia kidoleni.
Mimi nahesabu kwa makovu.
Huku kwetu nguva jina lake huandikwa na boti.
Huyu mkia umemegwa kama biskuti.
Huyu ana mistari mitatu begani, tunamwita Sajini.
Na yule,
anayekaa kando ya gogo, asiyependa kusogelewa,
ana mikato saba mgongoni, sambamba,
ila wa tatu umepinda,
na wa sita.

Mpindo huo naujua.
Dewey aligonga mwamba wa chaza siku ya Pasaka,
bawa moja la pangaboi likakunjika ncha.
Hakutaka kununua jipya. Bei, alisema.
Mwezi Juni akarudi kutoka mtoni mapema,
akaling'oa bila kuvua kofia,
akalitundika msumarini gerejini,
akala viazi vyake kimya.
"Nimegonga gogo," alisema.
Sikumuuliza gogo gani.
Pangaboi: panga limo ndani ya jina lake,
halikujificha. Aliyejificha ni mimi,
miaka thelathini na minane mezani,
nikimsogezea chumvi.

Alikufa Agosti, redio ikisoma saa za kupwa na kujaa.
Boti niliuza.
Pangaboi lipo.

"Huyu bado hana jina," Thuy ananionyesha fomu,
kisanduku cheupe, penseli iliyoguguna baridi.
"Na mwaka huu kazaa. Mpe wewe, Bi Verlene."
Nilifikiria majina ya watakatifu.
Nilifikiria jina la mamake Dewey, mtu wa huruma.
Mvuke ulikuwa unapanda majini, unatembea,
unaingia kwenye ndevu za miti.

"Gogo," nikasema.
Thuy akacheka. "Kwa kuwa halibanduki lile gogo lake?"
"Ndiyo."
Akaandika, herufi kubwa, akarudi kwenye kidude chake.
Ndama akainua pua kwanza, vitundu viwili
vikafunguka, vikapumua, vikafungwa.
Kisha mama, polepole, na mgongo wote.

Mia na sita.
Nikasubiri azame ndipo nikasema
mia na saba.