C Imejaa

Saa nne usiku, Kirumba, kibanda cha fotokopi.
Mstari wa C umekuwa mwekundu
kama jicho la mkaanga sangara.
Zimebaki megabaiti mia mbili na kumi na mbili,
na alfajiri Mama Nyanzobe anakuja
kuchukua ratiba mia tatu za maziko ya baba yake,
za rangi, zenye picha.
Mashine inasema: hakuna nafasi.
Kaburi la mzee limeshachimbwa huko Igoma;
kwangu ndiko anakokosa pa kulala.

Lugembe ndiye aliyeigawa diski hii
kama wenye nyumba wa Mabatini wanavyogawa chumba kwa plaiwudi:
C giga sitini, D giga mia nne.
"C haitajaa," alisema, "humo inakaa mashine yenyewe tu."
D akaifunga kwa nywila
na nywila akaondoka nayo kichwani.
Kuifuta yote ningeweza, ni vibonyezo viwili.
Sijui kuna nini humo.
Sisi wa milimani tunalijua jambo hili:
jiwe halihami, nyumba ndiyo inayojipinda.

Basi nafuta.
Naanza na vya aibu, visivyo vyangu:
filamu za Bwire, mpwa wangu, zilizotafsiriwa kwa makelele;
vyeti vya kuzaliwa vya watoto ambao sasa wananyoa ndevu;
barua kumi na saba za Magesa za kuomba kazi,
zote "husika na kichwa cha habari hapo juu",
ila ya mwisho imeacha kusema "kwa heshima na taadhima".
Nafuta mabaki ya masasisho, vijifaili vya muda
vinavyoota usiku kama magugumaji pale Mwaloni:
unang'oa leo, kesho boti haioni maji.

Mstari bado mwekundu.

Nikafika kwenye folda isiyo na jina.
Sauti ya mama, sekunde arobaini,
ananiuliza kama nimekula.
Megabaiti moja.
Picha za siku tulipofungua kibanda:
Lugembe kashika mkasi, na utepe wenyewe
ni kamba ya kufungia magunia ya dagaa.
Megabaiti sita.
Simu yangu nayo imejaa. Ikapokea sauti, ikakataa picha.
Nilikaa nazo muda mrefu,
feni ya mashine ikihema kwa niaba yangu.
Je, una uhakika?
Mashine haina adabu, inauliza mara mbili.
Ndiyo. Ndiyo.

Megabaiti sita! Hazitoshi hata uso wa marehemu.

Ndipo nikapanga vitu kwa uzito, kama ningekuwa na akili
ningeanza na hilo,
na juu kabisa likakaa faili ambalo sijawahi kuliona:
giga thelathini na moja.
Nikalifungua, mashine ikaganda, ikarudi.
Mstari mmoja, chini yake huohuo, chini yake huohuo:
Printa haipatikani. Printa haipatikani. Printa haipatikani.
Ile ya zamani, ambayo Lugembe aliiuzia shule moja ya Sengerema;
nilisindikiza mpaka kivukoni Kigongo,
ikapanda imefunikwa kanga yangu,
na kanga haikurudi.
Miaka mitatu, kila ninapoiwasha,
mashine imekuwa ikimwita mwenzake, mara tatu kwa sekunde,
inaandika kwamba hajaitika,
inaita tena.
Na mimi nakaa mbele yake mchana kutwa
nalamineti vitambulisho,
sisikii kitu.

Nikalifuta. Halikuuliza lolote, lilipita pipa
likaenda moja kwa moja.
Mstari ukageuka bluu.

Saa kumi na moja mzee Ng'wigulu akaanza kutoka,
mmoja mmoja, mara mia tatu, anatabasamu,
wino bado wa moto.
Nilipokuwa nahesabu nikatupa jicho kwenye folda ile.
Faili limezaliwa upya. Kilobaiti moja.
Printa haipatikani.

Najua pa kuliondolea jina la printa ile, ni hatua tatu tu.
Nikafunga dirisha.
Nafasi ipo.