Shuka

Februari nilitia saini:
dhamiri yangu hainiruhusu.
Mganga mkuu akaitupia fomu kwenye faili.
"Mbuke, hapa hakuna atakayekulazimisha."

Jana usiku kaletwa na bodaboda,
kanga imelowa hadi kwenye siti,
binti wa Igombe, vidole vingali na harufu ya dagaa,
mdomoni majani ya chai
yaliyochemshwa mpaka yakawa lami.
Fomu haikukumbukwa na mtu.
Nilishika taa.
Mkono wa pili aliushika yeye,
kucha zake zipo hapa bado.

Asubuhi wanapanda kutoka Kirumba na mabango,
kwaya yangu mbele, sauti ya pili ina pengo langu.
Ng'ambo ya barabara wengine, na mabango yao.
Wote wananijua. Wote wananipungia:
Shuka, Mbuke! Shuka!

Nami niko ghorofani, kwenye kamba,
naanika shuka la kitanda cha nne.
Nimelifua mara tatu, doa limegoma.
Upepo wa ziwa ukalitandaza mbele yao.
Upande huu wakashangilia.
Upande ule pia.

Sikuandika kitu pale.

Binti ameamka, anataka uji.
Sijamuuliza sukari kiasi gani.