Matumbo Tisa

Msumeno wangu ulikuwa cherehani ya mama.
Fundi Chengula aling'oa sindano,
akafunga uzi wa chuma mwembamba kama unywele wa mtoto,
akaniachia pedali. Umeme ukikatika
Mafinga nzima inalaani; mimi nakanyaga.

Kiolezo huanza kwa penseli na uchoyo:
kipi kibaki, kipi kitoke, na kinachobaki kishikwe na nini.
Nimekata twiga, nimekata Yesu, nimekata ramani ya nchi
(Ziwa Nyasa ndilo linalonivunjia nyuzi),
na "Karibu Nyumbani" kwa watu wasiokaa nyumbani.
Toboa kwa kekee, pitisha uzi, kaza.
Anza na vya ndani. Vya nje vije mwisho,
maana ubao ukishatengwa na mwenzake
huna tena pa kuushikia.

Juni, ukungu umekaa barabarani kama mgeni asiyeaga,
akaja Lutengano Mhongole wa kiwanda cha mbao,
vidole vinane, koti linanuka utomvu.
Hakutaka twiga.
Alitoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne,
imekaa mfukoni mpaka mikunjo imekuwa matobo:

mafuta
sabuni
chumvi
uje mapema

"Nikatie hii. Mwandiko huuhuu. Nitaweka dirishani, mwanga upite."
Sikuuliza ni wa nani. Herufi m ilikuwa na miguu mirefu,
ya mtu anayeandika amesimama, ufunguo mkononi.

Nikamweleza tatizo langu la kila siku:
lugha yetu imejaa a,
kila a ina tumbo,
na tumbo ukishalizunguka linaanguka.
Chumvi itapita salama, haina cha kumwaga.
Lakini mafuta ina mawili, sabuni mawili,
uje moja, mapema manne. Nikahesabu kwa penseli. Tisa.
"Huwa tunaacha vidaraja," nikasema, "vijiti vya kushikilia."
Akaitazama karatasi.
"Yeye hakuweka vijiti."

Nikatoa kopi, nikaibandika juu ya ubao wa paina,
siku tatu nikaufuata mkono wa mtu nisiyemjua:
hapa alipokaza,
hapa kalamu ilipogoma akarudia,
hapa, kwenye uje, alipokuwa ameshageuka.
Uzi ulikatika mara kumi na moja.
Chini ya p palikuwa na fundo, gumu kama deni.
Matumbo yakadondoka kwenye unga, moja moja,
madogo kama mbegu za boga.
Nikayatia kwenye kiberiti.

Alipokuja hakusifu. Aliuinua mlangoni,
na jua dogo la Julai likamwandikia kifuani
mafuta, sabuni,
kinyumenyume, kama kwenye kioo.
Kisha akamwaga kiberiti kiganjani,
akajaribu kurudisha tumbo moja mahali pake.
Likakaa. Likacheza. Likatoka.

Nikamwambia: uzi nao una unene.
Kila unapopita, unakula.
Hata kilichotoka hapohapo hakirudi kikajaa.
Akaitikia kwa kichwa, mtu wa mbao;
msumeno wake yeye hula nusu sentimita,
na vidole.

Alilipa, akaufunga ubao kwa gazeti.
Jumatatu karudi. Kiberiti kina manane.
"La mwisho," akasema. "La mapema."
Tukainama wote wawili chini ya cherehani,
tukapapasa, tukapuliza,
lakini unga wa wiki ile
nilikwisha kuwauzia wafuga kuku wa Changarawe.
"Nikukatie jingine?"
Alitikisa kiberiti sikioni, akasikiliza manane.
"Acha," akasema.
Lakini hakuondoka,
na nje malori ya magogo yalishaanza kuwasha taa.