Kanda Nyeusi Juu ya Taa

Juni, El Alto,
mita elfu nne juu ya bahari ambayo nchi hii haina,
saa moja asubuhi, na spana zinang'ata vidole kwa baridi.
Severino Huallpa amerudi.
Ni ile ile Ipsum ya kijivu, iliyozaliwa na usukani kulia,
ikakatwa, ikashonwa, usukani ukahamia kushoto;
pale ulipong'olewa pamebaki tundu,
kaliziba kwa picha ya bintiye.

Nilijua kilichomrudisha.
Mwezi jana nilichomeka mashine yangu mpya chini ya dashibodi,
ikanitolea P0171,
nami nikaisoma kama karani asomaye hukumu:
hewa nyingi, mafuta haba.
Nikamuuzia kihisi cha oksijeni, boliviano mia tatu na hamsini,
nikafuta nambari, taa ikazimika,
tukapeana mikono.
Ilinyamaza siku tatu.
Ya nne akaibandika kanda nyeusi.

"Mficha maradhi," akaanza Doña Eusebia,
asimalizie. Alikuwa na koka shavuni,
na methali humchosha taya.
Akaibandua kanda kwa ukucha.
Hakuuliza nambari. Aliuliza:
"Inasumbua ukisimama, au ukienda?"

Swali jepesi hilo. Mimi sikuliuliza.

"Nikisimama njia panda inatetemeka
kama mbwa aliyelowa," akasema Severino.
"Ikishika mwendo, inatulia."

"Soma," bibi akaniambia. "Si nambari, hiyo imelala.
Soma zile zinazocheza."
Injini inanguruma papo hapo: ishirini na tano kwa mia,
kompyuta inaongeza mafuta, inaongeza,
kama mama amwongezeaye uji mtoto asiyeshiba.
Nikakanyaga.
Kumi na nne. Tisa. Nne.
"Umeona? Ikivuta pumzi kubwa, tundu dogo si kitu.
Ikipumua polepole, ndipo linapoiibia."

Basi kihisi kile cha kwanza kilisema kweli.
Nilimfukuza shahidi
nikamwacha mwizi ndani.

"Zima."
Akawasha sigara nene, ile wanayoiwashia ardhi mwezi wa Agosti,
akaziba koo la hewa kwa tambara,
akachomeka mpira wa dripu, sijui aliutoa hospitali gani,
akajaza mashavu, akapuliza.
Tukainama watatu chini ya boneti
bila neno, kama walioitwa kutazama kisima.
Hakuna.
Akapuliza tena, akakohoa, akapuliza.

Kisha nyuma kabisa, chini ya bomba la kuvutia hewa,
mahali ambapo jicho halifiki na mkono hufika kwa kuchubuka,
ukapanda uzi.
Uzi mmoja wa moshi, mwembamba, bila haraka,
kama mtu aliyekuwa akisubiri kuitwa kwa jina.

Mpira wa urefu wa kidole gumba, umepasuka kwenye kiwiko.
Labda ni baridi. Labda ni siku ile walipouhamisha usukani
na mtu mwenye haraka akaukunja.
Boliviano kumi na mbili. Pamoja na vibanio, kumi na tano.

Nilinawa mikono muda mrefu kuliko uchafu wake.
Severino hakutaja zile mia tatu na hamsini,
na kutotaja huko ndiko kulikonichoma.
Kihisi chake cha zamani kilikuwa bado kwenye kopo la maziwa,
kati ya plagi zilizokufa,
kizima.
Nikamwambia. Nikasema: nilitoa kizima, nikatia kizima,
nikakulipisha kwa ujinga wangu.
Nikampa mia mbili. Zilizobaki, Ijumaa.

Alizihesabu, akazikunja mara nne,
akaniwekea kanda nyeusi kiganjani.
"Hii sina kazi nayo tena."

Nimeibandika mgongoni mwa mashine yangu.
Haizibi chochote.
Ila kila nikiishika mashine, hunata.