Mwiko

Ofisi ilileta mifuko sita ya saruji
tuzibe ufa wa mihrabu, msikiti wa kale, Tongoni.
Fundi Mwinyikondo aliugonga mfuko mmoja kwa kidole,
akaukalia, akakunja tambuu yake taratibu.
"Hiki," akaniambia, "ni kiti."

Tukachoma matumbawe kwa magogo ya minazi iliyokufa,
tukayazima kwa maji ya kisima:
yakachemka, yakatetemeka kama mwenye homa,
kisha yakalala shimoni miezi mitatu.
Mhasibu akapiga simu. Akapiga tena.
Chokaa haina simu.

Siku ya kukwangua, chini ya lipu
nikakuta lipu, na chini yake nyingine.
Kumbe watu wamekuwa wakiziba hapa hapa
tangu babu wa babu yangu hajapewa jina.
Na katika ile ya ndani kabisa, dole gumba.
Mtu alibonyeza, labda kujaribu kama imekauka.
Haikuwa imekauka.

Nikatia langu. Likapwaya.

Nje, nguzo ya kaburi ina vishimo vitupu
palipong'olewa mabakuli ya kigeni.
Fundi akaitazama, mwiko mkononi, mwiko mdomoni,
mpaka akatema tambuu:
"Wameiba vyombo. Chakula hawakukiona."

Dole tukalifunika, kama tulivyolikuta limefunikwa.
Langu nimeliacha pembeni, chini kushoto.

Katika ripoti niliandika: ufa, futi tatu, umezibwa.
Saruji, mifuko sita, imerudishwa;
mmoja umeganda,
kwa umbo la makalio ya fundi.