Riza

Tukuyu, mvua haijakata tangu Jumapili.
Mwalimu Mwaisumo ameandika ubaoni: riza.
Ni mzizi, anasema. Ni jina la kike.
Lusubilo wa dawati la nyuma anadai
riza ni kijimnyororo cha mlango,
na kwa Kiswahili hakosei.

Naandika: riza, rizes, rizan.
Wayunani hubadili mkia wa neno, kichwa hakitikisiki.
Sisi mzizi, mizizi:
kichwa ndicho kinachogeuka,
mkia umebaki udongoni.

Kisha ule mstari wa kupenda fedha.
Mwalimu anasema halina mbele yake
lile neno dogo la kubainisha.
Labda ni mzizi fulani tu, labda ndio wenyewe.
Waliotutafsiria walisita, wakatia "moja",
na mzizi wakauita shina.

Jumamosi nikampelekea mama hoja hiyo
kama mtu anavyopeleka kilo ya sukari.
Kaka Gwamaka ameuza kipande cha juu
kwa watu wa parachichi, kaburi la baba likiwamo,
na nyumbani jina lake halitajwi.
Nikasema: Mama, si lazima fedha iwe mzizi pekee.
Kisarufi.

Alikuwa shimoni hadi kiunoni, na sururu,
anang'oa kisiki cha mlingoti
ulioinywa chemchemi yetu ikabaki tope.
Hakuinua uso.
"Shina nililikata mwaka juzi. Likachipua mara saba.
Hao walioandika shina,
waliwahi kukata mlingoti?"

Nikavua viatu vya chuo, nikashuka.
Tulivuta mpaka kiza.
Mzizi mmoja, mnene kama mkono wa Gwamaka,
ulipita chini ya mpaka
kwenda juu, kule kulikouzwa.
Mama aliushika muda mrefu.
Panga lilikuwapo. Hakuukata.

Sikumwambia kwamba neno ni lile lile
kwa fedha na kwa tumaini la Yese.
Wala sikumwambia kitenzi chake kwa Waefeso,
cha kutendwa, cha hali timilifu:
mmetiwa mizizi, na mngali mmo,
na aliyewatia si ninyi.
Mdomoni ningekihitaji kirefu mno,
na ugali ulikuwa unapoa.

Usiku akafunga mlango, akalala.
Nikamsikia anaamka, anapapasa gizani.
Asubuhi nikaikuta riza
imening'inia wazi,
na sahani ya tatu imefunikwa mezani.