Kufuli Unalo?

Nyumba ya mama, Magomeni Mapipa, ilikuwa na vyumba sita,
ukumbi mmoja, choo kimoja uani, bomba moja,
na mita moja ya umeme iliyozaa ugomvi kila mwisho wa mwezi:
nani ana friji, nani anapiga pasi usiku wa manane.
Lakini kufuli, kila mtu na lake.
Mpangaji akifika na godoro kichwani
mama hakumuuliza kabila wala kazi.
"Kufuli unalo?"

Mimi leo nina wapangaji mia moja na kumi na wanne.
Magodoro yao siyajui.
Ni maduka ya dawa: Tandika, Kimara, Gongo la Mboto,
yote ndani ya kanzidata moja
kwenye mashine ya kukodi, ng'ambo, mji nisioukanyaga.
Nami pia, basi, ni mpangaji.

Elirehema, aliyeujenga mfumo kabla yangu,
aliwapa wote ufunguo mmoja.
Mtumiaji: dawa. Nywila: dawa2016.
Akaiandika mlemle ndani ya programu,
kama aliyeficha ufunguo chini ya zulia
na juu ya zulia akachora mshale.
Kisha akapata kazi Dodoma.
Ameacha kikombe, na hilo neno.

Jumanne Bi Rukaiya wa Tandika akanipigia.
Hakufoka. Heri angefoka.
"Mwanangu, nimefungua daftari langu la madeni
nikakuta mtu wa Kilua, wa kule Mbagala.
Jina lake, vidonge anavyomeza, kiasi anachodaiwa.
Nimefunga haraka, lakini jicho halina kifutio.
Sasa niambie. Yangu kayaona nani?"

Nilikuwa na chai iliyopoa. Jibu sikuwa nalo.

Usiku ule, ofisini Makumbusho, nikaanza kubadili makufuli.
Kila duka jina lake, kila jina neno lake,
herufi thelathini na mbili zisizo na maana kwa lugha yoyote;
mashine izitunge, mashine izifiche sandukuni,
na mlangoni mwa sanduku akae karani asiyelala
akiandika: nani kaja, saa ngapi, kataka nini.
Anayesoma asiandike.
Anayeandika asifute.
Anayefuta...
hapo umeme ukakatika, feni ikazunguka mara tatu za kuaga,
nikabaki na mwanga wa kioo na swali langu.

Duka la sabini na mbili nilikosea herufi moja.
Kimara ikafungiwa nje.
Mpaka saa tatu asubuhi wagonjwa wamepanga foleni dirishani
na Shekidele ananitumia ujumbe wa herufi kubwa tupu.
Alikuwa na haki.

Mama hakuwahi kutunza funguo za akiba.
Siku moshi ulipotoka chumbani kwa Mkwizu
(maharage jikoni, mwenyewe kazini bandarini)
tulivunja mlango kwa mchi wa kinu.
Mama akanunua mlango mpya, fedha yake.
Jirani akamcheka: si ungekaa na ufunguo wa pili?
"Mlango unauzwa Keko," mama akasema.
"Mtu kulala akijua naweza kuingia, hilo nitalinunua wapi?"

Limebaki neno moja, la mtumiaji mkuu,
lifungualo vyumba vyote.
Kwa neno hilo ningejua nani Temeke anameza nini, tangu lini,
na nani amekopa panadoli za mtoto.
Nimelikata vipande viwili.
Kimoja kwa mhasibu, kimoja kwa bosi,
watu wawili wasiosalimiana tangu Ramadhani.
Wakipatana, ujue kuna moto kweli.

Kisha nikaliondoa jina langu.
Saa kumi na moja alfajiri, adhana ya kwanza,
nikajiandika upya kama mtu baki, nikagonga Tandika.
Mashine ikajibu: Huna ruhusa.

Nikacheka peke yangu hadi mlinzi akapanda ngazi na tochi.
Alipokwisha kushuka
nikagonga tena,
kwa raha tu ya kukataliwa.